Jibu kwa fundi wa vioo wa Nakuru anayetaka kuwa msanii

Binti mmoja wa Nakuru ameniandikia swali refu, nami nalifupisha hapa. Ana miaka 24. Tangu amalize shule amekuwa akifanya kazi katika duka la mjomba wake la vioo vya madirisha: anapima, anakata, anatia pati, anapanda ngazi. Jioni hutazama kwenye simu video za Dale Chihuly, yule Mmarekani ambaye vioo vyake vya rangi huning'inia kama maua makubwa, na usingizi unamruka. Anauliza: "Mwalimu, nimechelewa? Hapa Nakuru sijaona tanuri la kupulizia kioo. Mjomba anasema kioo ni cha kuzuia upepo, sanaa ni ya watu wenye pesa. Nianzie wapi? Na ni lazima nijue kupuliza?"

Binti yangu, hujachelewa, na si lazima upulize. Tena nakuambia una kitu ambacho wanafunzi wengi wanaonijia hapa Kisumu hawana: umeshakata kioo mara elfu. Mkono wako unajua sauti ya mkato mzuri na sauti ya mkato utakaokimbia pembeni. Mwanafunzi aliyetoka chuoni na vyeti vyake humchukua miezi kuipata sauti hiyo.

Tuanze na huyo Chihuly. Alizaliwa mwaka 1941 mjini Tacoma, jimbo la Washington, na chuoni alisomea upambaji wa nyumba. Kioo kilimjia kupitia ufumaji, kwa maana alikuwa akifuma vipande vya kioo ndani ya kitambaa. Mwaka 1965, katika chumba cha chini alichokuwa akifanyia kazi, aliyeyusha kioo cha rangi, akachovya bomba la chuma, akapuliza, kikatoka kiputo. Ndipo akaenda kusoma kwa Harvey Littleton kule Wisconsin, na mwaka 1968 akapata ufadhili wa kwenda kiwanda cha Venini katika kisiwa cha Murano, Venice. Huko akaona jinsi kioo kinavyofanywa na kundi: bwana mmoja katikati, wasaidizi wakimzunguka, kila mtu na kazi yake, hakuna anayegongana na mwenzake. Mwaka 1971 akawa miongoni mwa walioanzisha shule ya vioo ya Pilchuck, kaskazini mwa Seattle.

Mwaka 1976 alipata ajali ya gari nchini Uingereza, jicho lake la kushoto likapoteza nuru. Macho mawili ndiyo humwezesha mtu kukadiria umbali, na mbele ya tanuri umbali ni usalama. Miaka 3 baadaye bega lake likateguka alipokuwa akicheza na mawimbi ya bahari, na tangu hapo bomba akawaachia wenzake. Kwa hiyo vile vioo vinavyokukosesha usingizi, vingi vimepulizwa na pumzi za watu wengine, yeye akiwachorea kwa rangi kwenye karatasi kubwa kile anachokitaka. Swali lako la kupuliza limejibiwa na huyo huyo unayemtazama.

Na huyo Littleton aliyemfundisha ana kisa ambacho huwasimulia wanafunzi wangu kila mwaka. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960, Marekani kioo cha moto kilikuwa kazi ya kiwandani. Littleton alikuwa mwalimu wa ufinyanzi. Mwaka 1962 alikusanya watu kwenye banda la jumba la makumbusho la Toledo, Ohio, wakiwa na tanuri dogo, wajaribu kama msanii mmoja anaweza kukiyeyusha na kukifanyia kazi kioo nje ya kiwanda. Mchanganyiko wao wa kwanza ulikataa, haukupulizika. Aliyewaokoa ni mtaalamu wa viwandani, Dominick Labino, aliyewapa gololi za kioo zilizokuwa zikitumika kutengenezea nyuzi za kioo. Gololi zikayeyuka vizuri, na harakati nzima ya vioo vya wasanii ikaanzia hapo, kwa malighafi ya kiwanda iliyokuwa karibu. Wewe nawe kila jioni unafagia vipande vya kioo kutoka chini ya meza ya mjomba wako.

Lakini ukiniuliza ni msanii gani ningependa umsome kwa makini kuliko Chihuly, nitakutajia Fred Wilson. Alizaliwa Bronx, New York, mwaka 1954, na kwa miaka mingi hakugusa kioo kabisa. Kazi yake ilikuwa kuziuliza maswali nyumba za makumbusho, kwani alikuwa amefanya kazi ndani yake na kuona nani anaonyeshwa na nani anafichwa. Mwaka 1992 kule Baltimore aliingia ghala la makumbusho ya historia ya Maryland, akatoa pingu za watumwa, akaziweka kwenye kabati moja na vyombo vya fedha vya mabwana wao. Hakuongeza maneno mengi. Pingu zilikaa pale kando ya birika linalong'aa, mtazamaji akabaki na shughuli yake.

Mtu wa namna hiyo alifika Pilchuck mwaka 2001, akiwa na umri wa miaka 47. Hakujua kupuliza, akafanya kazi na mpulizaji stadi Dante Marioni. Akaomba kioo cheusi tii, na matone makubwa yanayotiririka ukutani mpaka sakafuni, mengine yakiwa na macho yanayokutazama. Ukiyaona unafikiria wino, lami, mafuta, machozi. Miaka 2 baadaye aliiwakilisha Marekani katika maonyesho ya Venice, na humo akatundika taa kubwa ya mapambo ya mtindo wa Murano, yenye majani na maua yake yote, ila nyeusi kabisa. Venice imejaa michoro na sanamu za watu weusi wanaobeba sinia na kushikilia taa, na watalii hupita tu. Wilson aliwafanya wasimame kwa kubadilisha rangi peke yake.

Nimekaa sana kwa Wilson kwa sababu vijana wengi huniuliza kuhusu tanuri, na tanuri hununuliwa. Swali alilokuja nalo Wilson lilimchukua miaka zaidi ya 20 ya kazi kabla ya kioo. Wewe una swali gani? Sikuulizi ili nikukatize tamaa. Nadhani unalo na hujaliona, kwa sababu unaishi juu yake.

Panda Hyrax Hill siku moja, hapo kando ya mji wenu, ambapo mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba mwaka 1937. Kwenye makumbusho utaona vipande vyeusi vyenye makali. Kisha ukipata nauli nenda Kariandusi, karibu na Elementaita, uone mashoka ya mkono ya karibu miaka milioni moja iliyopita, baadhi yake ya jiwe hilo hilo jeusi. Jiwe hilo ni obsidiani, nayo ni kioo. Volkano za Bonde la Ufa zilikiyeyusha, kikapoa upesi kabla ya kuwa mawe ya kawaida, na watu waliokaa hapo kabla yetu sote wakakikata. Waliligonga ukingoni, ufa ukapita walikotaka. Unachofanya dukani kwa kikatio chako ni kazi ile ile, mahali pale pale. Fundi wa Seattle hana habari hiyo ya kusimulia.

(Tahadhari moja: vitu vya maeneo hayo ni urithi unaolindwa na sheria, usiokote hata kipande. Na ukipata obsidiani ya halali kwa mtu anayeiuza, usiitie tanurini. Ina maji kidogo yaliyonaswa ndani, na ikipata moto mkali hufura kama andazi, ikatoka povu.)

Hata malighafi ya kioo ni ya nyumbani. Mchanga wa silika peke yake huyeyuka karibu nyuzi 1,700 za Selsiasi, moto ambao mimi na wewe hatutaugusa. Ukiuchanganya na magadi, joto linalohitajika hushuka kwa mamia ya nyuzi, kisha chokaa huongezwa ili kioo kisiyeyuke kwenye maji. Magadi hayo huchimbwa Ziwa Magadi, na ndugu yake ndiye mama zetu wa huku magharibi wanayemtia kwenye mrenda ili uwe laini. Nilipomweleza mama yangu hivyo, alinyanyua gilasi yake ya chai, akaitazama kwa muda mrefu.

Kwa upande wa tanuri la kupulizia, nchini petu jina la kwanza ni Kitengela, kusini mwa Nairobi. Nani Croze, msanii mzaliwa wa Ujerumani, ndiye aliyeanza kazi ya vioo huko, na mwanawe Anselm Croze akaanzisha karakana ya kioo cha moto. Wanayeyusha vioo vilivyotumika, vikiwemo vya madirisha, na tanuri lao huchomwa kwa oili chafu ya magari. Nenda ukatazame siku nzima. Usiende kununua gilasi na kurudi. Simama uangalie miguu yao zaidi ya mikono, uone nani anafungua mlango wa tanuri bila kuambiwa. Ukirudi utajua kama moyo wako unataka moto au unataka kioo. Mimi niligundua nataka kioo, na sijawahi kuwa mpulizaji.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe.

Miezi 6 ya kwanza usitafute tanuri. Mwombe mjomba masazo ya vioo, ununue utepe wa shaba wenye gundi, lehemu na kichomeo, ujifunze kuunganisha vipande kimoja kimoja. Unafunga ukingo wa kila kipande kwa utepe, unavipanga, unavilehemu pande zote. Kata maumbo yaliyopinda, ambayo kwenye madirisha hukuyahitaji: kwenye mikunjo ya ndani usijaribu kuvunja mara moja, punguza kwa vipande vyembamba vyembamba kama mtu anayemenya embe. Chovya gurudumu la kikatio kwenye mafuta ya taa. Haya yanakwenda haraka kwako, sitayarefusha.

Nitakalorefusha ni tanuri la kuunganishia vioo kwa moto, kwa sababu hapo ndipo nilipopata aibu yangu kubwa. Miaka yangu ya mwanzo nilitengeneza bakuli, kijani na kahawia. Msingi ulikuwa kioo cha dirisha, na juu yake nilikuwa nimepanga vipande vya chupa za bia. Lilitoka zuri, nikaliuza kwa mama mmoja wa hapa Kisumu, akaliweka sebuleni juu ya kabati. Siku ya 9 usiku walisikia mlio kama wa jiwe kwenye bati. Asubuhi aliniletea bakuli kwenye karatasi ya gazeti. Halikuwa limeguswa na mtu. Lilikuwa limegawanyika, na ufa ulifuata mstari wa vipande vya chupa, kahawia upande huu, kijani upande ule, kana kwamba mtu ameukata kwa rula. Nilimrudishia pesa zake, nikakaa na vile vipande mezani wiki nzima mpaka nikaelewa.

Kioo kikipata moto hutanuka, kikipoa hunywea, na kila kioo kina kipimo chake. Cha chupa na cha dirisha havinywei sawa. Vikiwa moto vinaungana kama maji na maji. Vikipoa, kimoja kinavuta na kingine kinakataa, na ugomvi huo hubaki umefungiwa ndani. Unaweza kudumu dakika 10 au mwaka mzima. Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza: chupa kwa chupa ya aina ile ile, dirisha kwa dirisha la shiti moja. Hata madirisha ya viwanda viwili tofauti usiyaamini mpaka uyapime. Ukitaka rangi, tumia rangi za unga zilizotengenezwa kwa kioo cha dirisha, au weka kati ya vioo viwili kitu chembamba sana kama karatasi ya shaba.

Kanuni ya pili ni kukituliza. Kioo kikitoka kwenye moto, ngozi yake hupoa kabla ya moyo wake, na tofauti hiyo hugeuka mvutano. Dawa ni kukishikilia kwenye joto ambalo bado kinaweza kujinyoosha, mpaka chote kiwe na joto moja, kisha kukishusha taratibu. Kwa vioo viwili vya milimita 4 vilivyolazwa pamoja, mimi hupandisha nyuzi 150 kwa saa mpaka 540, halafu nakwenda mpaka karibu 820, nashikilia dakika 10 au 15 nikichungulia kwenye tundu mpaka kingo ziwe mviringo. Nashuka mpaka 550, nashikilia saa nzima. Kutoka hapo nyuzi 60 hadi 80 kwa saa mpaka nifike 370, ndipo nazima na kuondoka. Usifungue kifuniko mpaka uweze kuweka kiganja juu ya kioo bila kushtuka. Namba hizi ni za kuanzia. Tanuri lako litakuwa na tabia zake, na utaziandika kwenye daftari kila mara unapowasha.

Stima ikipotea katikati, na itapotea, hasa mvua za jioni zikianza, usiguse kitu. Tanuri lililojengwa kwa matofali mepesi ya moto, yenye kuta nene, hupoa polepole lenyewe. Nimeokoa kazi nyingi kwa kwenda kunywa chai. Wenye kiherehere cha kufungua waone ndani kuna nini ndio hupoteza.

Utajuaje kama kioo kimetulia? Kuna kipimo ambacho hakigharimu kitu kikubwa. Washa skrini ya kompyuta iwe nyeupe tupu. Chukua miwani ya jua ya polaroidi, ile ya kukata mng'ao, ishike mbele ya jicho, uizungushe polepole mpaka skrini ionekane nyeusi. Sasa ingiza kioo chako kati ya skrini na miwani. Kilichotulia kinabaki cheusi. Kilicho na mvutano kinawaka mahali pale penye ugomvi, mwanga mweupe kando ya mstari, wakati mwingine rangi kama za upinde wa mvua. Laiti ningekijua kipimo hicho mapema, bakuli la yule mama lisingetoka karakanani.

Ukiwa na tanuri, kalibu za kulazia kioo zitafute kwa wafinyanzi. Mama zetu wanaofinyanga huku Nyanza wanaweza kukufanyia sahani ya udongo ya umbo lolote. Isipakwe rangi, iwe imekauka na kuchomwa sawasawa, na itobolewe tundu dogo chini ili hewa ipate pa kutokea. Ipake maji yaliyochanganywa na kaolini, yaani udongo mweupe, na unga wa alumina, ili kioo kisinate. Kioo kilicholazwa juu yake huanza kubonyea kikikaribia nyuzi 700, na ni jambo la kupendeza kulitazama, kinashuka kama shuka iliyotandikwa juu ya mtoto.

Kuhusu afya sina maneno laini. Vumbi la kioo na la silika likiingia mapafuni halitoki. Saga kwa maji, usisage kikavu. Vaa barakoa ya vumbi unapochanganya unga wowote, na funika macho kila unapokata, hata kama mjomba hafuniki. Lehemu nyingi zina madini ya risasi, ambayo ni sumu, basi nawa mikono kabla ya kula, na usipeleke nguo za kazi nyumbani kwa watoto. Kioo cha pembeni cha gari usijaribu kukikata kamwe, kimekazwa makusudi na kitalipuka chote kuwa chembe.

Mjomba wako anasema sanaa ni ya wenye pesa. Mwambie mzee wa Kisumu amesomesha watoto watatu kwa madirisha ya makanisa. Huku magharibi kila kijiji kina kanisa linalojengwa au kupanuliwa, na kamati nyingi hutamani dirisha la rangi juu ya madhabahu. Hiyo ni kazi ya risasi na lehemu, unaiweza ndani ya mwaka mmoja. Lakini kubaliana bei kabla ya kuchora, upokee nusu kabla ya kununua kioo, na mchoro usainiwe na mwenyekiti wa kamati, kwa sababu mzee mmoja atakuja siku ya mwisho akidai malaika alikuwa na ndevu. Kwenye bei ya kazi ya tanuri, weka na vile vitakavyopasuka. Ukitengeneza 10 na 2 vikaenda, vile 8 ndivyo vinavyolipa stima ya vyote.

Usiache duka. Nasema hivyo nikijua moyo wako unakimbilia kuacha. Duka ndilo linalokupa kioo, meza, kikatio na chakula, na siku za Jumapili meza hiyo iko wazi. Wilson alikula mishahara ya makumbusho kwa miaka mingi. Kazi za Jumapili zikifika 7 au 8 zinazozungumza jambo moja, zipige picha vizuri, mchana, kando ya dirisha, kisha uzipeleke kwa watu wa sanaa wa Nairobi. Kituo cha sanaa cha GoDown ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza nani anaonyesha nini. Usipeleke kazi 30 za kila aina. Wanaotazama kazi za vijana huchoka, nami nimekaa upande huo wa meza, najua.

Kwa sasa fanya hili. Chukua masazo mawili ya shiti moja, yenye ukubwa wa kiganja, uyapeleke kwa mfinyanzi au shule yoyote karibu yako yenye tanuri la umeme lenye kipimajoto, uombe kuyachoma kwa namba nilizokupa. Yakitoka, yaweke mbele ya skrini nyeupe, shika miwani mbele ya kamera ya simu, unitumie picha. Usinichagulie iliyo nzuri. Nitumie hiyo ya kwanza, hata kama inawaka kila kona, nami nitakuonyesha pale iliposhika na saa ngapi ulipokosea.